Dunia Inaisha, Uza Ng'ombe

Dukani kwangu wino wa njano ndio unaoisha kwanza, na unaisha msimu wa efoti. Wasabato wakikaribia kufungua mkutano wa injili, uwe hapa Sirari, mpakani mwa Tanzania, au ng'ambo Isebania, Kenya, huja na flashi yenye picha ileile: sanamu aliyoiota Mfalme Nebukadneza, kichwa dhahabu, kifua fedha, tumbo shaba, miguu chuma, nyayo chuma iliyochanganyika na udongo. Kichwa kile kinakula njano. Wapentekoste wakileta tangazo la mkesha hawakosi ndimi za moto, na moto nao ni njano. Hata ustadhi aliyeniletea ratiba ya darsa za Ramadhani kuhusu alama za Kiyama alikuwa amechagua picha ya jua linalochomoza upande wa magharibi. Nikajisemea, haya, na wewe njano.

Nina steshenari karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua na mikataba, nalamineti vyeti, nawawekea watu mahubiri na nyimbo kwenye memori kadi. Kazi hii inakusomesha usiyotumwa kuyasoma, na ukiacha hati za mauziano, hakuna kinachopita mbele ya macho yangu mara nyingi kama mwisho wa dunia. Nimeusoma wa Kikristo, wa Kiislamu, wa wanasayansi na wa sinema. Mwishowe nikaanza kuusoma kama ninavyosoma hati ya mauziano: siangalii herufi kubwa za juu, natafuta mstari unaosema nani anampa nani kitu gani. Maana kila anayetangaza mwisho wa dunia anatoa pia agizo. Tarehe huwezi kuipima mpaka ifike, lakini agizo unaweza kulipima leo.

Siku iliyopita bila kitu

Kwa asiyewahi kukaa kwenye efoti, sanamu ile husomwa kama historia iliyosimama wima. Dhahabu ni Babeli, fedha ni Umedi na Uajemi, shaba ni Uyunani, chuma ni Rumi, na nyayo ni Ulaya iliyogawanyika ambayo haitashikamana. Kisha jiwe linaangukia nyayo na kusaga yote. Mhubiri hodari anaweza kuchukua jioni nzima kutoka kichwani hadi magotini, na watu wakarudi kesho yake kusikiliza nyayo.

Mkulima wa Marekani, William Miller, alipiga hesabu za kitabu hichohicho cha Danieli akaona Kristo angerudi karibu mwaka 1843. Baadaye wafuasi wake wakaishika tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha viazi vyao ardhini bila kuvuna. Usiku ukapita, kukakucha, jua likawaka kama jana. Baadhi ya waliobaki na fedheha ile ndio waliokuja kuanzisha Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Mwaka 1906 wamisionari wake, Arthur Carscallen na Peter Nyambo mwenyeji wa Malawi, walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Leo huwezi kuisimulia wilaya yetu ya Tarime ukawaacha Wasabato.

Jambo la kuangalia ni kwamba kanisa lililozaliwa na tarehe iliyokosea halikupanga tarehe nyingine. Linahubiri kuwa mwisho u karibu, ila agizo lake ni la mwendo wa polepole: Jumamosi funga duka, acha pombe na tumbaku, peleka mtoto shule, jenga zahanati. Jirani yangu muuza vitenge anaamini bila shaka yoyote kwamba mawingu yatapasuka, na bado ana mkopo wa vikoba wa miezi kumi.

Wengine tarehe ikipita hawatulii. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walijipenyeza katika kikundi kidogo cha karibu na Chicago kilichomfuata mama mmoja, Dorothy Martin. Mama huyo alisema mafuriko makubwa yangekuja tarehe 21 Desemba, na chombo kutoka sayari nyingine kingewachukua wateule. Halikuja tone wala chombo. Kwa maelezo ya Festinger, wale waliokuwa wamepoteza zaidi, kazi, mali na heshima, ndio walioshikilia zaidi. Walisema imani yao ndiyo iliyoiponya dunia, wakaanza kuitangaza. Utafiti ule umekosolewa, kwa kuwa watafiti wenyewe walikuwa sehemu kubwa ya kikundi walichokichunguza. Swali lake hata hivyo limebaki: mtu aliyekwisha kuuza kila kitu anarudi vipi nyumbani kusema alikosea?

Mnunuzi yeye haendi?

Swali hilo lilikaa mbele yangu siku mzee mmoja alipoleta karatasi iliyoandikwa kwa mkono ili niichape. Ilikuwa hati ya kuuza ng'ombe wote wa zizi lake, madume, mitamba na ndama.

"Shikamoo baba. Mbona hata mitamba?"

"Marahaba mwanangu. Wakati umekwisha. Mtumishi wetu ameonyeshwa. Fedha ziende kwenye kazi ya mwisho."

Nikasoma hadi chini. Mnunuzi alikuwa mmoja wa viongozi wa kundi lilelile la maombi, na bei ilikuwa ya kutupa.

"Samahani baba. Huyu anayenunua, yeye haendi?"

Mzee akaichukua karatasi yake, akaitazama kama anaiona mara ya kwanza, akasema angerudi kesho. Kwangu hakurudi, na mji huu una steshenari nyingi. Kwa Mkurya, zizi ni mahari ya vijana ambao hawajaoa. Anayekwambia uuze mtamba wa mwisho anakwambia pia kwamba hutapata wajukuu.

Tunajua njia hiyo inaweza kufika wapi. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, kikundi kilichojiita cha Kurudisha Amri Kumi za Mungu, chini ya Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, kilitangaza kwamba dunia ingeisha mwaka 1999 ukifika ukingoni. Waumini waliuza mashamba na mifugo, fedha wakazikabidhi kwa viongozi, na hata kuzungumza wakakatazwa. Walielewana kwa ishara. Mwaka 2000 uliingia kama miaka mingine, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea likiwa limefungwa kwa misumari, watu wakiwa ndani. Baadaye polisi walifukua mashimo yenye maiti katika nyumba za viongozi, ikadhihirika kwamba wengi walikuwa wamekufa kabla ya moto. Waliokufa kwa jumla ni zaidi ya 700.

Shakahola, kaunti ya Kilifi, iko karibu nasi zaidi kwa wakati. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, mhubiri Paul Mackenzie wa Malindi alisema namba ile ni alama ya mnyama. Shule nazo alizipinga. Wafuasi wake wakahamia msituni, na Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa. Zaidi ya miili 400 ilitolewa, mingi ya watu waliokufa njaa baada ya kuambiwa kwamba wakifunga watakutana na Yesu. Watoto walikuwa wengi. Mackenzie alishtakiwa na akakana mashtaka.

Mwaka ule wa Huduma Namba wateja kutoka Isebania walikuwa wananiuliza, na huku kwetu, tulipotakiwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole kabla ya tarehe 20 Januari 2020, swali lilivuka mpaka bila kugongewa muhuri: "Mama Bhoke, hii ya kidole siyo ile ya Ufunuo?" Siwacheki. Mtu anayetoa alama ya kidole chake kwa mashine asiyoijua, kwa amri isiyomweleza kitu, ana haki ya kuogopa. Ila kuna hofu inayouliza, "Taarifa zangu anazishika nani?" na kuna hofu inayoambiwa, "Mtoe mtoto shuleni." Ya kwanza ni ya raia, ya pili inamtafutia mtu bwana.

Dini zote mbili tulizo nazo hapa zimekwisha kuzuia kupanga tarehe. Injili inasema siku ile na saa ile haijulikani na yeyote ila Baba. Kurani inasema ujuzi wa Saa uko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Ipo pia Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, inayofundisha kwamba Kiyama kikikukuta na mche mkononi, nawe ukaweza kuupanda, basi upande. Silijui agizo la mwisho wa dunia lililo zuri kuliko hilo.

Mwisho unaoombewa

Si kila mtu anauogopa mwisho. Mwaka 1913 huko Alego, ng'ambo ya ziwa, Onyango Dunde alisimulia kwamba nyoka mkubwa alimmeza kisha akamtapika mzima. Nyoka huyo, Mumbo, ambaye makao yake ni jua na ziwa, alimpa ujumbe: Wazungu watatoweka, dini yao imeoza, watu waache mavazi ya kigeni, wafuge nywele, wachinje mifugo yao, na Mumbo atawapa mingine kutoka majini. Ujumbe ukashuka hadi Kisii.

Septemba 1914, Vita Kuu ikiwa changa, wanajeshi wa Kijerumani walitoka upande wetu huu, uliokuwa koloni lao, wakaingia Kisii. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wameuacha mji. Kwa siku chache ilionekana kama utabiri umetimia, na watu wakavamia ofisi, maduka na misheni. Waingereza waliporudi walitoa adhabu kali. Viongozi wa Mumbo baadaye walihamishiwa Lamu, na mwaka 1954 kundi lao lilikuwa miongoni mwa yaliyopigwa marufuku Kenya.

Kwa afisa wa kikoloni wale walikuwa wendawazimu. Lakini mtu anayelipa kodi ya kibanda na kuswagwa kwenda kazi za lazima, ukimwambia dunia hii inaisha, atakuuliza: lini? Mwanahistoria Norman Cohn, katika kitabu chake cha 1957 kuhusu Ulaya ya zama za kati, aliona jambo la namna hiyo: ndoto za mwisho ziliwashika zaidi watu waliong'olewa, wasio na ardhi wala kazi ya kudumu. Mwisho wa dunia mara nyingi ni mwisho wa dunia ya mtu fulani, na anayeuombea huwa anajua vizuri ni ya nani. Hata hivyo agizo la Mumbo lilikuwa na tundu lilelile la hati ya mzee wangu: ng'ombe watoke leo, malipo yatakuja.

Ule ambao hakuna aliyeutangaza

Mwisho mkubwa kuliko yote uliowahi kulifika eneo hili haukuwa na nabii wala bango. Ulikuja kwa pumzi ya ng'ombe. Sotoka iliingia Afrika kupitia Eritrea karibu mwaka 1887, ikiletwa na ng'ombe wa jeshi la Italia, na kufikia 1891 ilikuwa imepita nchi za Wamasai na majirani zao hadi huku kwetu. Penginepo ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Nyati na nyumbu walikufa pia. Ndui na njaa vikafuata. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, aliwakuta Wamasai waliobaki mifupa mitupu wakiomba chakula.

Kilichofuata hakisimuliwi sana kwenye ziara za watalii. Ng'ombe walipokwisha, hakukuwa na wa kula majani wala watu wa kuchoma moto mbuga kwa wakati wake. Vichaka vikaota, mbung'o wakaingia, na jamii za upande wa magharibi, Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme, zikatawanyika kutafuta chakula na usalama. Wazungu waliokuja baadaye waliona nchi pana isiyo na watu wakadhani ndivyo ilivyoumbwa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu ambayo jina lake, tukilitia katika Kiswahili, ni Serengeti Isife. Ilishinda tuzo ya Oscar, na kwa watazamaji wa Ulaya ikawa tangazo la mwisho wa dunia la aina yake: pepo ya mwisho iko hatarini, na mchungaji na ng'ombe wake ni sehemu ya hatari hiyo. Agizo lake likawa kwamba watu wasikae humo.

Lakini pepo ile, kwa sehemu, ni mahame. Waliopotelewa na dunia yao mwaka 1891 waligeuzwa kuwa tishio kwa dunia ya wengine.

Mwanafalsafa wa Marekani Kyle Whyte, wa taifa la wenyeji la Potawatomi, ameandika kwamba mengi ambayo leo yanatajwa kama maangamizi yajayo, watu wake waliyapata zamani: kuhamishwa, kupoteza wanyama na mimea, kuvunjiwa namna ya kuishi. Wao tayari ni watu wa baada ya mwisho. Wazee wa Mara wanaosimulia miaka ile ya njaa wanasema jambo hilohilo bila kulipa jina la kitaalamu.

Na mwisho ule nao ulikomeshwa. Karibu mwaka 1960, Muguga nchini Kenya, Walter Plowright na wenzake walipata chanjo bora ya sotoka. Ng'ombe wa pembezoni mwa hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka hata kwa nyumbu, nao wakaongezeka kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imefutwa duniani. Kwa hiyo msafara wa nyumbu unaovuka Mto Mara mbele ya kamera umetokana kwa kiasi kikubwa na sindano aliyochomwa ng'ombe wa mwanakijiji.

Kwenye kibanda umiza

Vijana wengi hapa hawaupati mwisho wa dunia kanisani, wanaupata kwenye kibanda umiza, kwa sauti ya mtafsiri anayeongeza utani wake. Filamu iitwayo 2012, ya Roland Emmerich, ilitoka mwaka 2009. Bahari inafunika mabara, matajiri wananunua nafasi kwenye merikebu kwa euro bilioni moja kila mmoja, na mwishoni inaonekana Afrika imeinuka juu ya maji. Niliitazama mara moja nikiwa na wanangu, na kibanda kizima kikapiga kelele: "Tumepona!" Kisha mmoja akauliza, "Na hao wa merikebu wanakuja huku?" Ukimya uliofuata ulikuwa na historia ndani yake.

Mhakiki wa Marekani Fredric Jameson aliona kwamba watu siku hizi wanaweza kuwaza dunia nzima ikiangamia kwa urahisi kuliko kuwaza mfumo wa uchumi ukibadilika. Filamu ile inamthibitisha: milima inayeyuka, lakini tiketi bado zinauzwa.

Waandishi wetu wameuendea mwisho kwa njia nyingine. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ziwa hilihili, aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi na ngumu zinazomtembeza msimulizi katika dunia iliyoharibika kutafuta mwanzo mpya. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu ya dakika ishirini na kitu. Baada ya vita vya maji watu wanaishi wamefungiwa, jasho na mkojo wao vikichujwa wavinywe. Asha anapata udongo wenye uhai, anatoroka jangwani akiwa na mche, anaupanda na kuutilia kivuli kwa mwili wake. Sijui kama Kahiu aliifikiria Hadithi ya Anas, ila agizo ni moja.

Mita 60

Wanasayansi nao wanatangaza. Jarida lililoanzishwa na wanasayansi wa nyuklia wa Chicago lina saa ya mfano, iliyowekwa mwaka 1947 dakika saba kabla ya usiku wa manane. Januari 2025 ilikuwa imebakiza sekunde 89. Sisi hatukuhitaji saa. Mwaka 2020 nzige walijaa Kenya, ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa, corona ikaja, na Mei mpaka wetu ukafungwa isipokuwa kwa malori ya mizigo. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali ilisema kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza vilikula oksijeni ya maji. Wengi hawakuridhika, na wapo waliofungua Ufunuo wakasoma habari za maji yaliyoharibika.

Mimi sibishani nao. Namrudia yule anayetangaza, nimuulize agizo lake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ni agizo dogo. Halimtaki mtu auze zizi, halimtaki amtoe mtoto shuleni, wala halina kiongozi wa kupokea fedha. Pengine ndiyo maana halina wafuasi: nimeona watu wakilima mpaka jembe likagusa maji, kisha jioni wakawahi nafasi ya mbele kusikiliza habari za mito kugeuka damu.

Mhubiri anayeweza kuwakalisha watu wale jioni nzima kwa ajili ya kichwa na magoti ya sanamu anasikilizwa kuliko afisa yeyote wa mazingira wa wilaya. Akitenga dakika tano za mita 60, Danieli hatapungukiwa na kitu. Akizitumia dakika hizo kutaja akaunti ya kupokelea fedha za ng'ombe, muulize nilichomuuliza mzee.